Kanda ya Kumi ya Mwalimu Nusaiba

Waliosoma na Nusaiba binti Mwinshehe chuo cha ualimu walikuwa na msemo wao: ukimkosea Nusaiba leo, lala na viatu mpaka mwakani. Hakuwa mgomvi. Hakuwa mtu wa kupaza sauti wala kufunga kibwebwe uwanjani. Alikuwa anakaa kimya tu, anakutazama, halafu siku moja, wewe umeshasahau, unalipwa chako kamili na chenji juu.

Gaudens alisoma naye miaka miwili. Tena alinakili hesabu kwenye daftari lake miaka hiyo miwili. Yeye zaidi ya wote alipaswa kujua.

Mwaka tisini na tano Nusaiba alikuwa na miaka thelathini na sita, anafundisha hesabu darasa la sita na la saba Mwananyamala, mtaa aliozaliwa. Nyumbani aliishi na mdogo wake, Raudha, ambaye kazi yake ilikuwa kupiga picha za video harusini. Siku hizo harusi bila video ilikuwa kama pilau bila nyama, na Raudha hakukosa kazi Jumamosi hata moja. Lakini Jumapili kamera ilipumzika, na Jumapili ndiyo ilikuwa siku ya Nusaiba.

Alikuwa na kompyuta. Aliinunua kwa mtaalamu mmoja wa kigeni aliyekuwa anauza vyombo vyake arudi kwao. Wenzake waligombea friji na makochi, yeye akatoka na kitu kama taipureta isiyo na karatasi. Unaichomeka kwenye televisheni, unaandika amri zako mstari kwa mstari, ukimaliza unazihifadhi kwenye kanda ya kawaida ya redio. Umeme ukikatika kabla hujahifadhi, umekwisha, unaanza upya. Na miaka ile ya mgao, umeme ulikatika kwa ratiba na nje ya ratiba. Nusaiba aliwahi kuandika programu moja mara tano.

Walichokuwa wakifanya yeye na Raudha ni kurekodi kanda za video za hesabu za kujifurahisha. Mraba wa namba ambao ukiujumlisha kushuka, kulala au kukatisha unapata jibu lilelile. Farasi wa sataranji anayetembelea vyumba vyote sitini na nne bila kurudi alikopita. Nusaiba alipanga kete na maharage juu ya mkeka, akaeleza, kisha kamera ikahamia kwenye televisheni, kompyuta ikifanya yaleyale kwa kasi ya kushangaza. Uso wake haukuonekana. "Hesabu haina sura," alimwambia Raudha. Ilionekana mikono yake tu, na sauti yake ilisikika. Kwa miaka miwili walitengeneza kanda tisa, wakaziweka kwa Muhdhar, mwenye duka la kukodisha video pale Mwenge, karibu na wachonga vinyago. Muhdhar alizipanga baina ya filamu za Kihindi na za karate, na ajabu ni kwamba zilikodiwa.

Basi siku moja Gaudens akaja na shati la mikono mirefu na kalamu tatu mfukoni. Alikuwa ameacha ualimu, amepata kazi kwenye kituo kimoja kipya cha televisheni.

"Mwalimu Nusaiba, hazina hii unaifukia Mwenge?" akasema. "Nipe kanda zote tisa nikawaoneshe wakubwa. Tutakufanyia kipindi chako mwenyewe."

Nusaiba alizitoa dukani zote, nakala halisi, maana nakala nyingine hakuwa nazo, akamkabidhi. Ukapita mwezi. Ukapita wa pili. Kila akimpigia kutoka simu ya Muhdhar aliambiwa yuko kikaoni.

Jumatano moja saa kumi na mbili jioni Raudha akamwita kwa kelele. "Dada! Dada, njoo uone mikono yako!"

Kwenye televisheni yao wenyewe palikuwa na mkeka wao wenyewe. Juu ya mkeka, mikono miwili yenye hina iliyokolea; hina ile Nusaiba aliipaka kwenye harusi ya binti wa shangazi yao. Mikono ilikuwa inapanga maharage. Lakini sauti ilikuwa ya mwanamume. Gaudens alikuwa anaeleza mraba wa namba, neno kwa neno alivyoueleza Nusaiba, hata pale alipotania kuhusu maharage mabovu. Mwishoni akatokea mwenyewe ameketi mezani, nyuma yake pameandikwa jina la kipindi, akatabasamu: "Programu hizi nimeziandika mwenyewe, kwa miaka mingi. Namshukuru pia binti yetu wa ofisini kwa kunisaidia kupanga maharage."

Raudha alilia. Nusaiba hakulia. Alinyanyuka akazima televisheni, akaenda kuchambua mchele.

Kesho yake alikwenda kituoni. Gaudens alimpokea koridoni, hakumkaribisha kiti.

"Mwalimu, tusitafutane ubaya," akasema kwa sauti ya chini. "Kanda hazina jina, hazina sura. Ukisimama pale ukasema kompyuta ile ni yako, mwanamke wa Mwananyamala, mwalimu wa msingi, nani atakuamini? Mie naweza kukuombea nafasi. Msaidizi. Utakuja kupanga maharage kweli."

"Kanda zangu?"

"Zipo, zipo. Zitarudi."

Nusaiba akamtazama. Akamtazama kuanzia viatu mpaka kalamu zile tatu. "Ahsante, Gaudens," akasema, akaondoka.

Njiani alikuwa ameshaanza kupiga hesabu. Alimjua mtu wake: Gaudens alikuwa mvivu wa kuhakiki. Chuoni alinakili hata makosa yake. Siku moja Nusaiba aliandika saba badala ya moja kwa bahati mbaya, na saba ileile ikatokea kwenye karatasi ya Gaudens. Mtu wa namna hiyo huhitaji kumfukuza. Unamwachia chakula mlangoni.

Jumapili akamwambia Raudha aandae kamera. Akaandika programu ya mistari sita. Kanuni yake ilikuwa nyepesi: chukua namba yoyote, izidishe kwa yenyewe, ongeza namba ileile, kisha ongeza arobaini na moja. Ukianza na sifuri unapata arobaini na moja. Ukiweka moja unapata arobaini na tatu. Mbili, arobaini na saba. Tatu, hamsini na tatu. Zote ni namba tasa, zile zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe. Kompyuta ikaendelea, ikajaza kioo kizima, tasa juu ya tasa, mpaka thelathini na tisa iliyotoa elfu moja mia sita na moja. Hapo Nusaiba akaisimamisha.

"Na hivyo ndivyo itakavyokuwa daima," akasema mbele ya kamera. "Kanuni hii haizai kitu kingine ila namba tasa."

Raudha akazima kamera. "Dada, ni kweli hiyo?"

"Sio kweli."

Raudha aliiweka kamera chini. Tangu azaliwe hakuwahi kumsikia dada yake akifundisha uongo.

Kanda ya kumi akampelekea Muhdhar. "Hii usimkodishie mtu mwingine, Bwana Muhdhar. Gaudens akija, mpe. Akikuuliza, mwambie Nusaiba hajui hata kama ina thamani."

Muhdhar, mtu wa makamo mwenye ndevu zilizochanwa vizuri, aliigeuza kanda mkononi. "Bi Nusaiba, huu ni mtego au ni sumu?"

"Ni kanda tu. Njaa ni ya kwake."

Wiki ya tatu Gaudens alikuja kuulizia kanda nyingine, maana zile tisa zilikuwa zinamwishia. Alichukua kanda ya kumi na hakuirudisha. Mwezi uliofuata kipindi kikaanza kutangaza kwa mbwembwe: Jumatano ijayo, moja kwa moja kutoka studio, mtaalamu wetu ataonesha ugunduzi wake, Kanuni ya Gaudens, isiyoshindwa kamwe. Watazamaji wapige simu. Mgeni wa heshima angekuwa mhadhiri mstaafu wa hesabu.

Wiki ile Nusaiba hakula vizuri. Aliosha sare, alisahihisha madaftari, aliitikia shikamoo za wanafunzi, na ndani yake alikuwa kama birika lililofunikwa. Usingizini alikuwa anazidisha.

Jumatano ilipofika alikaa kwenye duka la Muhdhar, simu mbele yake, televisheni juu ya rafu. Wachonga vinyago wawili watatu walikuwa wameingia kuangalia. Gaudens alikuwa amevaa suti. Kanda ikachezwa, kioo kikajaa namba, akaeleza jinsi alivyokesha miaka akiitafuta kanuni, watu studioni wakapiga makofi. Mhadhiri, mzee mwembamba mwenye miwani, hakupiga makofi. Aliinamisha kichwa tu, anawaza.

Simu ya kwanza ilitoka Kunduchi. Mwanamume alitaka kujaribu kumi. Gaudens akapiga hesabu ubaoni, ikatoka mia moja hamsini na moja, namba tasa. Makofi. Nusaiba alizungusha namba mara saba laini ikiwa na shughuli. Mara ya nane ikaita.

"Karibu mama, unapiga kutoka wapi?" Gaudens alisema, meno yote nje.

"Kutoka Mwenge. Weka arobaini."

Meno yakarudi ndani kidogo. Sauti ile aliijua. Lakini kamera ilikuwa inamtazama, akageukia ubao. Arobaini mara arobaini, elfu moja mia sita. Ongeza arobaini. Ongeza arobaini na moja. "Elfu moja mia sita themanini na moja," akasema. "Namba tasa!"

"Igawanye kwa arobaini na moja."

Kwenye kioo Gaudens alishika chaki, akaiacha, akaishika tena. Mhadhiri ndiye aliyeinuka. Alitembea polepole mpaka ubaoni, akaandika arobaini na moja mara arobaini na moja, akachora mstari chini, akaandika jibu. Elfu moja mia sita themanini na moja.

"Bwana," mzee akamwambia Gaudens kwa upole uliouma kuliko tusi, "aliyeiandika programu hii alijua pa kuisimamisha. Wewe hukujua. Tuandikie hapa mstari wake wa kwanza tu."

Gaudens akaiweka chaki mezani.

"Hawezi," Nusaiba akasema, na sauti yake ikatoka kwenye televisheni juu ya kichwa chake mwenyewe. "Hajawahi kuishika kompyuta yenyewe. Mie ni Mwalimu Nusaiba binti Mwinshehe wa Mwananyamala. Mikono mliyoiona wiki zote hizi ni yangu, na maharage ni yangu."

Laini ikakatwa. Lakini neno lilikuwa limeshasemwa, na kila aliyekuwa na antena na umeme alikuwa amelisikia. Wachonga vinyago walishangilia kama goli limeingia.

Kipindi hakikurudi tena. Mahali pake pakawekwa mieleka. Wiki chache baadaye, alasiri, Gaudens akabisha hodi Mwananyamala, hana suti, kalamu imebaki moja. Kituo kilikuwa kimemsimamisha. Alitaka barua, Nusaiba aandike kwamba kazi ile waliifanya pamoja.

"Kwanza kanda zangu tisa," Nusaiba akasema.

Gaudens akainama. Akatoa mbili kwenye mfuko wa rambo, ule wa nailoni. Zile saba, alisema, zilirekodiwa juu. Kituo kilikuwa na upungufu wa kanda. Juu ya farasi wa sataranji walikuwa wamerekodi matangazo ya sabuni.

Raudha, aliyekuwa mlangoni, aliona dada yake akifumba macho. Kisha Nusaiba akachukua karatasi na kuandika, na alipomaliza akamsomea: "Gaudens hakuandika hata mstari mmoja wa programu. Kanda tisa zilikuwa zangu. Saba amezifuta." Akatia sahihi. "Barua yako hii."

"Nusaiba, nina familia."

"Mie nilikuwa na kanda tisa."

Gaudens aliiacha ile barua juu ya mkeka akaondoka. Asubuhi Nusaiba aliipeleka kituoni kwa mkono wake mwenyewe, na Gaudens hakurudishwa kazini. Baadaye ilisikika anauza vitabu vya shule mkoani.

"Sasa roho imetulia?" Raudha alimuuliza.

"Haijatulia. Imeshiba."

Lakini darasani kulikuwa na jambo ambalo hakulipigia hesabu. Kwenye mtihani wa majaribio, nusu ya darasa la saba waliandika kwamba elfu moja mia sita themanini na moja ni namba tasa, kwa kuwa ndiyo inayotoka ukiweka arobaini kwenye Kanuni ya Gaudens. Kanuni hiyo walikuwa wameiona kwenye matangazo ya kipindi wiki nzima. Jumatano yenyewe Mwananyamala nzima ilikuwa gizani kwenye mgao. Uongo uliwafikia, masahihisho hayakuwafikia. Nusaiba alipita na kalamu nyekundu, daftari kwa daftari, na kila kosa alilokuta aliuona mwandiko wake mwenyewe.

Jumapili akajifunga mtandio mpya, akakaa mbele ya kamera, uso wazi.

"Leo unataka sura?" Raudha akashangaa.

"Leo nakiri. Nitawaambia kanuni inavunjika kwenye arobaini na kwa nini inavunjika. Arobaini mara arobaini, ukiongeza arobaini, umepata arobaini mara arobaini na moja. Ukiongeza arobaini na moja nyingine, lazima igawanyike. Nitawaambia niliusema uongo huo kwa makusudi, na wanafunzi wangu niwaombe radhi."

"Na Gaudens utamtaja?"

Nusaiba alifikiri kidogo, akirekebisha mtandio.

"Radhi simwombi," akasema. "Lakini nitamtaja. Mara mbili, tena jina kamili."

Raudha akabonyeza kitufe, kile kitaa chekundu cha kamera kikawaka, na Mwalimu Nusaiba akaanza na sifuri.