Nauli ya Goti

Nilipokuwa nikiuza tiketi za ndege mjini Thika, alikuja mama mmoja wa Kiganjo aliyetembea kwa mkongojo. Mwanawe aliyeko Kanada alikuwa amemtumia nauli ya daraja la biashara, maana goti lake lisingevumilia kukunjwa safari nzima.

Nilimwonyesha kwenye kompyuta kiti kinacholala kama kitanda. Akakitazama, kisha akauliza, "Nauli hii, kwa viti vya kawaida, inatosha watu wangapi?"

"Wawili, na nyingine inabaki. Lakini mama, hilo goti?"

"Dada yangu hajamwona huyo kijana tangu aondoke. Na ndiye aliyemnyonyesha nilipolazwa hospitali."

Nilimwandikia kijana kuhusu mabadiliko hayo, naye akanipigia simu papo hapo akiwa amekasirika. Nikampa mama ile simu, wakaongea Kikikuyu kwa muda mrefu. Aliponirudishia, kijana alisema tu, "Sawa. Wakatie wote wawili."

Dada alipopata viza, nilitafuta njia upya. Niliacha ile ya haraka, nikachagua yenye mapumziko marefu katikati ili mama ajinyooshe, na nikawawekea viti vya safu ya kwanza, palipo na nafasi ya miguu.

Waliporudi walipitia ofisini. Mama alikiri kwamba goti lilivimba siku nne. Dada yake akanionyesha picha kwenye simu: mwanamume mwenye ndevu ameinama, amelaza kichwa begani mwa huyo dada.

"Alilia," akasema. "Mimi sikulia."