Bwana Harusi Aliyesinzia

Mwanangu, ipo siku moja ambayo kila nikiikumbuka hucheka peke yangu, ingawa siku yenyewe watu hawakucheka. Ni siku ya nikahi yangu, mjini Hell-Ville, kisiwani Nosy Be, miaka ile ya mwanzo ya uhuru wa Madagaska. Shehe alinishika mkono, akatamka maneno ya kuniozesha, akangoja niitikie. Hakusikia kitu. Alipoinama kunitazama, alinikuta nimelala.

Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa nimechoka tu, na ngoja nikueleze nilivyofika hapo.

Nilikuwa fundi umeme, kijana wa mtaa wa Tsaramandroso, mjini Mahajanga. Mchana nilifanya kazi kwenye kinu cha mchele. Watu wakati ule walikuwa na furaha ya nchi mpya, na kila shughuli ilitaka taa na kipaza sauti, iwe harusi, maulidi au mkutano wa mtaa. Wote waliniita mimi. Alfajiri nilisomesha watoto Kurani, jioni nikafundisha vijana mpira. Chama chetu cha mazishi, sisi wenye asili ya Ngazija, kilipokosa katibu, niliinua mkono kabla sijaombwa. Shangazi yangu wa Belobaka naye alikuwa akinisubiri nimtilie nyaya nyumba nzima. Nikipita barabarani niliitwa huku na huku, na nilipenda kuitwa. Baba alifariki nikiwa mdogo. Labda ndiyo maana nilitaka kila mtu awe na haja nami.

Basi nikapanda meli kwenda kuoa. Mchumba wangu aliitwa Echati. Tulijuana alipokuja Mahajanga kumtembelea dada yake. Alinisindikiza Ami Saidi, mdogo wake marehemu baba. Nilikuwa nimekesha nikifunga taa za harusi ya mtu mwingine, nikajiambia nitalala melini, lakini melini nikaombwa nitazame redio ya abiria. Tulipofika Hell-Ville, watu wakasikia kwamba bwana harusi ni fundi. Nikaulizwa kama naweza kukitengeneza kipaza sauti cha msikiti, nikakitengeneza. Kisha nikaulizwa kuhusu taa za ua wa kina Echati. Mwanangu, nilipanda ngazi kufunga taa za harusi yangu mwenyewe, na sikuona ajabu.

Baada ya Alasiri nikaoga, nikavaa kanzu na joho, nikakaa mkekani. Udi ulifukizwa, Kurani ikasomwa kwa sauti ya kubembeleza. Kilichofuata umeshakijua.

Ami Saidi alinitikisa bega. Nilishtuka nikasema, “Usiguse huo waya.” Shehe aliuachia mkono wangu taratibu, akasema ridhaa ya mtu aliyelala si ridhaa. Kaka zake Echati wakaanza kunung'unika. Mmoja alisema waziwazi, kwa Kimalagasi ili kila jirani aelewe, kwamba kama simtaki dada yao ningebaki kwetu. Ami Saidi aliinamisha kichwa kwa aibu. Nami nilijua ndoa yangu imekwisha kabla ya kuanza.

Baba yake Echati, Mzee Bakari, alikuwa msimamizi wa mitambo ya kukamulia mafuta ya maua ya langilangi, mtu asiyepandisha sauti. Aliwaomba wageni wakae wale chakula chao, nikahi ikaahirishwa hadi Ijumaa iliyofuata. Mimi alinipeleka chumbani kwake, akafunga dirisha. Nililala mpaka kesho yake adhuhuri.

Nilipoamka aliniletea kahawa, akaniomba nimsimulie jinsi siku zangu zinavyokwenda. Nikamsimulia yote, na nadhani nilisimulia kwa kujivuna kidogo. Alisikiliza mpaka mwisho, ndipo akauliza, “Na Echati umemweka wapi?”

Nikaiweka kahawa chini.

“Mwanangu,” akasema, “moyo wako siutilii shaka. Lakini umewagawia watu siku zako zote, kisha umekuja kuniomba binti yangu. Utampa nini, huo usingizi?”

Echati alikuwa nyuma ya pazia, akisikia yote. Naye akasema, bila hasira, “Taa ulizofunga zinapendeza. Ila mimi nilikuwa namngoja mume, akaja fundi.”

Maneno ya baba mtu yaliniuma, lakini ya Echati yalinikalisha chini. Wiki ile nzima nilijiuliza nibaki na lipi. Kazi ya kinuni ilikuwa lazima. Watoto wa alfajiri niliwapenda kwa dhati. Mengine, nilipoyatazama vizuri, niliyashika kwa sababu ya sifa. Ijumaa ilipofika niliitikia kwa sauti kubwa hata shehe akatabasamu, na wale shemeji zangu wakacheka kwa mara ya kwanza.

Tuliporudi Mahajanga nilimwendea kila niliyemwahidi, nikamwambia uso kwa uso ninaloliweza na nisiloliweza. Chama cha mazishi kilipata katibu upesi, tena bora kuliko mimi, na sitakuficha, hilo liliniuma. Vijana wa mpira walifungwa vibaya na baadhi yao wakaninunia. Shangazi wa Belobaka nilimtajia siku moja, nikaitimiza. Akasema afadhali hiyo kuliko pole zangu za kila mwezi. Rafiki yangu mmoja, niliyemkatalia taa za harusi yake, hakunisalimu kwa muda mrefu. Nilivumilia. Jioni mimi na Echati tulitembea ufukweni, tukanunua mishikaki, tukazungumza mpaka tukachoka kuzungumza. Ndiyo maisha niliyokuwa nikiyapita mbio.

Kwa hiyo, mwanangu, ukiombwa jambo usijibu papo hapo. Sema utajibu kesho, kisha ukae na watu wa nyumbani kwako mlipime. Ukikubali, taja siku na uitimize. Ukishindwa, sema mapema, mwenzako apate kutafuta mwingine, wala usiogope akinuna. Kupumzika nako kuandalie wakati wake, maana mwili usiopewa haki yake utajichukulia wenyewe, na hautakuuliza uko mbele ya nani.

Mungu akupe kazi unayoiweza na watu wa kukusaidia. Akujaalie nyumba ambayo ukiingia unapokewa kwa furaha, nawe bado una nguvu za kufurahi. Amin.