Wa Ghala Wote Futa

Mdogo wangu ukimwambia kumekucha, atafungua dirisha ahakikishe. Ofisini wanamwita Hebu Kwanza, maana ndilo jibu lake kwa kila kitu. Simlaumu sana. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Ujana wake wote aliumalizia kwenye programu moja ya kuhesabia mzigo, akawa bingwa wake, kisha walioitengeneza wakafunga kampuni. Ubingwa ukabaki wa kupigia hadithi.

Sasa kiwanda chao cha rangi kikaleta mfumo mpya, mkubwa, wa kuendesha kazi zote pamoja. Kila mtu wa ofisini achague tawi moja tu, uhasibu, mishahara au ghala, asomeshwe, apewe cheti, na hiyo ndiyo iwe kazi yake. Hakuna kubadilisha. Kwa umri wake, akikosea tena, nani atamchukua aanze moja?

Mkufunzi wa mfumo, kijana mmoja mpole mwenye miwani, akamfuata mezani. "Dada, wewe chukua ghala. Usihangaike na mengine."

Ghala analijua kama kiganja chake, na analipenda! Mtu mwingine angeshukuru. Yeye akaja kwangu jioni uso umemvimba.

"Dada, kwa nini ananisukumia ghala? Ananijulia wapi? Tumekula naye lini?"

"Labda ana macho tu," nikamwambia. Hakunisikia.

Kesho yake akawa anapita koridoni, akamsikia mkufunzi anaongea na simu: "Wa ghala wote futa. Wa uhasibu waache kwanza." Weee! Alinipigia kutoka chooni, ananong'ona.

"Umeona? Watu wa ghala tunafutwa kazi! Ndiyo maana alitaka nikae huko."

"Si umuulize?"

"Nimuulize mwizi kama ameiba?"

Akaenda akajiandikisha uhasibu, yeye ambaye hesabu za mwaka zikifunguliwa tu anaanza kusinzia. Ghala likachukuliwa na msichana wa mauzo.

Siku mafunzo yalipoanza, mkufunzi akawasha mfumo, akawaambia wasishangae upande wa ghala kuwa mtupu. Alikuwa ameingiza watu wa uongo wa kujaribia, Fulani wa Kwanza, Fulani wa Pili, Fulani Mvivu, kisha akaagiza wafutwe ili waingie wa kweli. Darasa zima likacheka kwa majina yale. Mdogo wangu hakucheka.

Akamfuata mlangoni, akaomba arudishwe ghala. Haikuwezekana, majina yalishapelekwa.

"Hata mimi nilishangaa ulipokataa," mkufunzi akamwambia. "Nilikuchagua kwa sababu wewe hukubali kuambiwa mzigo upo mpaka uende ukaushike. Ghala linataka mtu wa hivyo."

Haya alinisimulia jikoni kwangu, machozi yanamtiririka. Nilikuwa nimejiandaa kumsema, lakini roho iliniuma, nikamshika mkono tu. Akapenga kamasi. Akanisogelea.

"Lakini dada," akasema kwa sauti ya chini, "unadhani ananisifu ili apate nini?"