Nyumba Iliyoitikia Salamu

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata leo mwili hunisisimka. Wala haikuwa usiku, useme giza lilinichezea macho. Ilikuwa adhuhuri, jua limesimama utosini. Keti nikusimulie, ya kale hayanuki.

Nilikuwa kijana, nimetoka kwetu Ngao, kandokando ya mto Tana, nikapata kazi ya udereva Doha. Miaka ile ya elfu mbili mji ule ulikuwa ukibomolewa na kujengwa kwa wakati mmoja. Kule West Bay minara ilichomoza kama mahindi baada ya mvua, na huku katikati ya mji mitaa ya zamani ilikuwa ikifagiwa. Tajiri wangu alikuwa amehamishia familia yake Al Wukair, nje ya mji, kwenye jumba jipya la marumaru. Kazi yangu ilikuwa kumwendesha mama yake, Mama Latifa, ajuza mfupi mwenye sauti ya kuamrisha. Mimi ni Yosefu, mtoto wa mchungaji, lakini yeye aliniita Yusuf, nami niliitika.

Jumba lile jipya halikumkaa. Alizunguka vyumbani kama mgeni anayetafuta choo na kuona haya kuuliza. Basi mara kwa mara akiniambia, "Yusuf, yalla, twende," nilijua safari ni kwenye nyumba yake ya kale mjini, alikoolewa na kuzalia watoto. Ilikuwa imehamwa, mwanangu, kuta zake za mawe ya baharini na udongo zikimomonyoka. Nilipoinua macho kwenye dari mara ya kwanza, niliona boriti za mikoko, zile zile walizokata babu zetu kule deltani zikaletwa Uarabuni kwa majahazi. Nilisimama nikazitazama kama mtu aliyekutana na ndugu ugenini.

Siku hiyo ya kwanza nilijiingilia tu, kiti chake mkononi. Akaniita kutoka nje.

"Yusuf! Umeingia kwa watu bila salamu."

"Mama, humu hamna mtu."

"Umemuuliza nani?"

Akanitoa nje, akanisimamisha mlangoni nitoe salamu kwa sauti, kisha ningoje, ndipo niingie. Niliona ni mambo ya uzee, lakini mgeni ni kuku mweupe, nikatii. Tangu hapo nikawa nasalimu kila tulipokwenda. Aliniambia kwamba mama mkwe wake, Bi Shamsa, aliyefia katika chumba cha kati, hakuwahi kuiacha salamu ianguke chini. Popote alipokuwa, jikoni au juu ya paa, aliitikia: "Hayyak, ya waladi." Yaani, karibu, mwanangu.

Sasa ikafika siku ya nyumba ile kubomolewa. Tulikuta nyumba jirani zote zimekwisha kuwa vifusi, tingatinga limeegeshwa ukutani, na vumbi limeifanya anga iwe rangi ya majivu. Vibarua walikuwa wamejilaza kivulini wakipumzika. Mama Latifa hakushuka garini. "Miguu haina nguvu leo," akasema. "Nenda ukawaage kwa niaba yangu."

Nikaenda. Nikasimama mlangoni, nikasema, "Assalamu alaikum." Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Hata kunguru hawakulia.

"Hayyak, ya waladi."

Sauti ya mwanamke mzee, ya karibu kabisa, tulivu, kama ya mtu aliye na kazi mikononi. Nikadhani kuna bibi kaja naye kuaga. Nikaingia uani, hapana mtu. Nikachungulia chumba cha kati. Kuta tupu, mikeka ya dari imeporomoka pembeni. Nje joto lilikuwa la kuchoma, lakini mle ndani jasho lilinipoa mgongoni. Sikuaga mtu. Nilitoka mbio.

"Mama, kuna mtu ndani!"

"Ameitikia?"

"Ameitikia. Hayyak, ya waladi."

"Mwanamume?"

"Mwanamke. Mzee."

Kisha yule aliyesema miguu haina nguvu akafungua mlango mwenyewe, akashuka, akamwendea fomeni, msimamizi wa vibarua. Mapumziko yalikuwa yamekwisha na tingatinga lilikuwa linanguruma.

"Mafi nafar, mama," fomeni akasema. "Hamna mtu. Tulikagua asubuhi."

"Salamu imeitikiwa," akajibu, akajisimamisha kati ya lile dude na ukuta. "Hamvunji mpaka mwenye kuitikia aonekane."

Fomeni akanigeukia. "Wewe umesikia?"

"Wallahi nimesikia," nikasema, mimi mtoto wa mchungaji.

Akamwashiria dereva azime.

Tuliingia wengi tukatafuta. Nyuma ya ile mikeka iliyoporomoka palikuwa na mlango mfupi wa ghala la tende, ambao sikuwahi kuujua. Tulipousukuma tukamkuta kijana, kibarua kutoka Nepali, amejikunja sakafuni. Midomo imepasuka, macho wazi lakini hayaoni, na ulimi umevimba hata hawezi kutamka neno. Jua lilikuwa limempiga. Nilimkimbiza hospitali, Mama Latifa akiwa kiti cha nyuma amempakata kichwa.

Alipona. Nilipokwenda kumtazama, mwenzake akatufasiria. Alisema kichwa kilimzunguka, akatafuta kivuli, akalala. Hakumbuki kuita. Na Kiarabu hakukijua. Alikumbuka jambo moja tu: kwamba muda wote nje ya kile kimlango kulikuwa na mtu anafagia.

Nilipomweleza Mama Latifa, alicheka mpaka akalia. "Ni Shamsa," akasema. "Hakupenda mgeni akute nyumba chafu."

Kesho yake tulirudi. Akaingia peke yake, akakaa humo kitambo, akatoka na kumwambia fomeni, "Sasa vunjeni." Hakutaka tena nimpeleke huko.

Mwanangu, mimi si mganga, wala sijui ni nani aliyeniitikia. Nimeliuliza hata kanisani, nikaambiwa niombe. Ninalolijua ni kwamba ningeingia kimya kimya, mtoto wa watu angezikwa hai chini ya boriti zile. Basi utakapopewa kazi ya kubomoa au ya kujenga, usikimbilie nyundo. Waulize wazee palikuwa nini hapo, nani alizaliwa na nani alifia chumba gani. Fungua kila mlango, hata ule mfupi. Na ukisikia usichokielewa, usione haya kusema "zima" mbele ya watu wenye haraka. Usione vyaelea, vimeundwa, na waliounda walikuwa watu.

Mungu akutangulie uendako. Akupe kazi ya halali, paa lisilovuja, na chakula cha moto cha kula na uwapendao. Uzee wako uwe mtamu kuliko wangu. Amina.