Maneno ya Pembeni

Nilipopewa kazi ya kufungua machapisho ya shirika zima ili yasomwe bure nilifurahi sana, kwa sababu sikujua naingizwa wapi. Shirika letu hutafiti kilimo. Lina vituo kila upande wa Rwanda, na watafiti wake wameandika makala nyingi nzuri juu ya mahindi, maharage na viazi. Lakini makala hizo zilikuwa kwenye majarida ya nje, na asiyelipa huishia kuona kichwa cha habari tu. Mtu wa kituo chetu cha Rubavu alikuwa hawezi kusoma alichoandika mwenzake wa Kigali. Jambo hilo lilinikera, na mimi nikikereka huwa sinyamazi.

Dawa ilikuwepo. Majarida mengi humruhusu mwandishi aweke wazi rasimu yake ya mwisho, ile aliyoiandika mwenyewe kabla hawajaipanga na kuipamba. Tukajenga ghala la mtandaoni, bure kwa kila mtu. Kilichobaki ni watafiti kuleta rasimu, na hapo ndipo nilipokwama. Niliwaandikia barua pepe mpaka vidole vikauma. Walinijibu kwa upole wa ajabu, na hakuna aliyeleta kitu.

Sababu niliipata kwa mtafiti mmoja wa viazi, tuliyezoea kumwita Dokta. Yeye alikulia Burundi, mimi Tanzania, kwa hiyo tulizungumza Kiswahili, kila mmoja akikicheka cha mwenzake. Ni mtu wa suti na tai, na viatu vyake hung'aa hata akitoka shambani. Mpaka leo sijui huwa anafanyaje. Alikuwa amebakiza wiki chache astaafu, na wote walikuwa wanamtazama yeye. Akileta, wataleta. Akikataa, kazi yangu imekwisha.

"Dada, ile rasimu iko na sura mbaya," aliniambia. "Mistari iko mbalimbali, picha ziko nyuma kabisa. Unataka mimi nitoke mbele ya watu na pajama?"

"Lakini Dokta, ukistaafu anwani yako ya ofisini, inayokufungulia majarida, inafungwa. Hata wewe mwenyewe hutaweza kuzisoma makala zako."

Akairekebisha tai yake. Hilo hakuwa amelifikiria.

Nikamwendea mkurugenzi, nikamwomba tufanye umuganda. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi watu hutoka kufanya kazi ya pamoja, na kwetu Kabeza, mtaa wa Kigali, hakuna mtu mzima anayethubutu kubaki kitandani wakati majirani wako mtaroni na majembe. Basi na sisi tutoke, nikasema, Ijumaa mchana, ukumbini, na kompyuta badala ya majembe. Nikaagiza chai ya maziwa na mandazi ya kutosha. Walikuja wote, wengine kwa ajili ya shirika, wengine kwa ajili ya mandazi, na wengi kwa kuogopa kuulizwa walikuwa wapi. Dokta alikaa mstari wa mbele na tai yake, akapakia makala zake zote bila msaada wa mtu. Nilikaribia kumkumbatia.

Jumatatu asubuhi nikakuta shirika zima linacheka.

Ghala letu lina tabia ya kutangaza kila kinachoingia kwa vituo vyote. Na katika makala yake ya mnyauko wa viazi, Dokta hakuwa ameweka rasimu safi. Aliweka ile aliyomtumia mwenzake wa Rubavu siku wahakiki wa jarida walipoirudisha na maswali yao. Katikati kulikuwa na Kiingereza kilichonyooka. Pembeni kulikuwa na Kiswahili, kwa sababu ndiyo lugha anayotumia akikasirika.

"Anauliza kwa nini tutupe kiazi chenye kinaonekana kizima. Kinaonekana! Shamba ikiwa na mnyauko, kiazi inatoka safi na ugonjwa iko ndani. Ukipanda hiyo umepanda ugonjwa." Na chini yake: "Huyu bwana hajawahi kushika jembe."

Nilicheka mpaka machozi. Bado nayafuta, mlango ukafunguliwa.

"Toa," Dokta akasema.

"Nimeshaitoa, Dokta."

"Toa zote. Zote zangu. Sitaki kuona hata moja."

Mtu asiyekubali kuonekana na kola iliyokunjamana alikuwa anachekwa mwezi wake wa mwisho kazini. Nilimwonea huruma kweli. Nilijionea huruma na mimi, maana akitoa zake, kufikia jioni wote watataka zao zitolewe. Nikafungua kompyuta polepole, nikasingizia mtandao.

Simu ya mezani ikalia. Kwa kuwa mikono yangu ilikuwa inajifanya ina shughuli, nikabonyeza spika. Alikuwa mama mmoja wa Rubavu, kule mpakani na Kongo wanakosema Kiswahili, kiongozi wa ushirika wa mbegu za viazi. Bwana shamba alimtumia kiungo cha makala ile kwa simu, na sasa hakifunguki.

"Mama, ile mambo ya pembeni muliitoa kwa nini? Ya katikati sikuelewa hata moja. Ya pembeni ndiyo nilielewa."

"Ulielewa nini?" Dokta akauliza kabla sijafungua mdomo.

Mama akaeleza. Ghalani mwao walikuwa na viazi vya mbegu kutoka shamba ambalo mimea michache ilinyauka. Viazi vyenyewe vilipendeza, na wanachama walitaka kupanda wiki hiyo hiyo. "Sasa naogopa. Tuache zote, ao zile tu za karibu na zenye zilinyauka?"

"Zote, mama. Usipande hata moja. Muzile, haina shida, lakini maganda isirudi shambani."

Akavuta kiti. Akavua koti, jambo ambalo sikuwahi kuliona, akazungumza na yule mama kwa muda mrefu, akichora matuta hewani kwa mkono. Alipomaliza alinigeukia.

"Dada, naandika tangu nikiwa kijana," akasema. "Hii ndiyo mara ya kwanza msomaji ananipigia."

Macho yake yalilowa, na yangu pia. Hakuna makala nyingine iliyotolewa, na ile ya mnyauko akaipakia upya, rasimu safi.

Siku zilizofuata aliandika ukurasa mmoja wa kumweleza mkulima, wa kutangulia kila makala yake, kwa Kinyarwanda na Kiswahili, kwa sauti ile ile ya hasira ila bila matusi. Nilimsihi aibakize ile sentensi ya jembe, akakataa. "Na yule bwana anaweza kuisoma. Si ghala iko wazi?" Wa maharage wakaiga, wa mahindi wakafuata, na sasa hakuna kituo kinacholeta makala bila ukurasa wake. Mkurugenzi ameifanya kanuni, na husema wazo lilikuwa lake. Namwacha.

Siku ya kuaga, Dokta alipita ofisini kwangu kurudisha ufunguo.

"Yule mama akipiga tena, ao mwingine, uwape namba yangu ya nyumbani."

"Ego," nikamjibu, kwa ndiyo ya kwao Burundi.

Namba alikuwa ameshaiandika kwenye kikaratasi, kwa wino, na hakuondoka mpaka aliponiona nakibandika juu ya simu.