Gauni la Kafa Ulaya

Nilipokuwa mtoto pale mtaani kwetu Kizwite, mitumba ilikuwa jambo jipya. Kabla ya hapo nguo ilitafutwa kwa foleni na kwa kujuana na mwenye duka; kisha, miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, marobota yakawa yanafunguliwa chini sokoni na kila mtu anapekua atakavyo. Tuliziita nguo hizo kafa Ulaya, na watu walicheka walipolitamka jina hilo. Bibi yangu mzaa baba, aliyekuja kwetu kutoka kijijini Kate kusubiri komunio yangu ya kwanza, hakucheka. Kwake jina lilijieleza lenyewe: mzungu amekufa, nguo zake zimeletwa huku, naye anazitafuta.

Ndipo Mama akarudi na gauni jeupe lenye lesi shingoni, la komunio. Sijawahi kupenda kitu namna ile.

"Mwenyewe atalifuata," Bibi alisema. "Na atalikuta kwenye mwili wa mjukuu wangu."

"Mama, hatuna lingine," Mama alimjibu kwa upole. "Na siku zimekaribia."

Walibishana hadi Bibi akatoa sharti. Gauni liloweshwe, litandikwe chini nyuma ya nyumba, kivulini, siku tatu, ili marehemu aliage. Mama alikubali kwa ajili ya amani. Kila asubuhi Bibi alikwenda mwenyewe na kopo la maji, akalinyunyizia na kulinong'oneza. Pale nyuma ndipo tulipomwaga maji ya vyombo, kuku walipofukua na wadogo zangu walipokojoa, wavivu wa kufika chooni. Siku ya nne Mama aliliingiza ndani akalifua kwa maji mawili matatu, likakaukia kwenye kamba ya jikoni, akasema atalipiga pasi akipata mkaa. Mimi sikungoja mkaa. Wakiwa shambani nikalivaa, nikajitazama kwenye kioo cha Baba, kisha nikajilaza nalo kitandani mchana mzima.

Baada ya siku chache mgongo ulianza kuwasha. Vikatoka vipele, vikawa majipu, kila moja na kitundu katikati kinachovuja maji mekundu. Yalichoma kama sindano, hasa nikitulia. Mama alidhani ni joto la sweta. Bibi aliniinamisha mlangoni penye mwanga, akatazama kwa muda mrefu, kisha akaachia mkono wangu.

"Linacheza," alisema. "Kuna kitu kinapumua humo ndani. Amekuja."

Niliamini neno kwa neno. Niliamini kuna mwanamke wa Kizungu aliyekufa ananitembea chini ya ngozi, na nilitamani kujivua mgongo niutupe. Bibi alitaka gauni lichomwe siku hiyo hiyo na mimi nipelekwe kwa mganga. Habari ya komunio ingoje mwakani. Nililia sana, na sijui hata leo kama nililia zaidi kwa majipu au kwa gauni.

Aliyetuokoa ni Mama Masanja, jirani yetu Msukuma, ambaye mumewe alikuwa na ng'ombe na ambaye alituletea maziwa. Aliingia, akamwamkia Bibi shikamoo, akaniona nimelala kifudifudi, akasikia habari ya mzungu, akautazama mgongo wangu, akacheka.

"Hao ni funza, jamani! Nileteeni samli."

Alipaka samli nene juu ya kila kitundu, akasubiri, huku akiongea habari za mvua. Kisha akabana kwa vidole gumba. Nilisikia kitu kikiteleza kutoka ndani yangu. Alikiweka kwenye kifuniko cha sufuria akanionyesha: mnyoo mnene, mweupe kama maziwa yaliyoganda, una mistari ya vimiiba vyeusi, unajikunja na kujinyoosha, umeshiba. Umeshiba mimi! Nilitapika hapo hapo. Akatoa wa pili, wa tatu. Walifika kumi na mmoja, wakipandiana kwenye kile kifuniko, na kuku aliyewafuata mlangoni nilimchukia, na nyama ya kuku sikuigusa mwaka huo.

"Nguo mlianika wapi?" Mama Masanja aliuliza.

Nikamwonyesha kwa kidole upande wa nyuma. Akatoka, akazunguka nyuma ya nyumba, nami nikamfuata nikiwa nimejifunga kanga. Pale pale gauni lilipotandikwa alikuwako nzi mkubwa, mnene, rangi ya tope la manjano. Alitembea taratibu juu ya mchanga wenye harufu, akiinamisha mkia, akiacha vitu vidogo vyeupe kama chembe za unga.

"Huyo hapo mzungu wenu," alisema. "Hutaga penye unyevu na uchafu, watoto wake wanapanda kwenye nguo. Nani alianika hapa?"

Bibi alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba. Nilimwona akitazama mikono yake.

"Ni mimi," Mama alisema. "Nilikuwa na haraka."

Gauni halikuchomwa. Jumamosi Bibi mwenyewe alitafuta mkaa, akalipiga pasi ndani na nje, mshono kwa mshono, na Jumapili nikapokea komunio nalo.

Watu wakinisikia nikisimulia hushika midomo nikifika kwenye funza, na mimi hufurahi kuwatia kinyaa. Kilichofuata huwa sikisemi. Baada ya siku ile sikuweza kula chakula kilichopita mikononi mwa Bibi. Akinimegea ugali wa ulezi, niliiona ile mikono ikinyunyizia maji, nikaona wale funza weupe wanajikunja, nikasukuma sahani. Nilisema nimeshiba. Mama alikuwa amejitwisha kosa ili mkwewe asiaibike, na mimi nikalirudisha kwa mwenyewe kila wakati wa kula. Bibi akaanza kuandaa sahani yangu na kumpa Mama anikabidhi, kana kwamba imetoka kwa Mama, naye akigeuka upande wa moto ili asinione nikila.