Biblia ya Zipu ya Wifi Yangu

Kwetu huku milimani Lushoto, mwanamke akikaa, basi amekaa bure. Akae na mchicha wa kuchambua, sawa. Akae na simu akitazama harusi za watu asiowajua mpaka chaji iishe, ataulizwa kuna jipya gani. Lakini akae na kitabu! Ataulizwa anaumwa nini.

Hayo ndiyo yaliyomkuta wifi yangu Yudith. Analima kabichi na karoti, anauza sokoni, anakamua ng'ombe, anapika, anafua, na juu ya yote ameolewa na kaka yangu Martin, ambayo ni kazi peke yake. Siku moja Mwanahamisi, muuza mitumba wa sokoni, akampa kitabu alichokikuta ndani ya robota la nguo. Hadithi ya mapenzi: nesi aitwaye Zaituni na dereva wa treni aliyepotelea safarini. Mungu wangu, wifi akanogewa!

Sasa asomee wapi? Akifungua tu, Martin anaita, "Mama Shukrani, kwa kuwa umekaa, hebu nitengee maji ya kuoga." Akifungua tena, jirani hodi: kwa kuwa umekaa, nishikie mtoto. Nami nilimtuma, nisijifanye mtakatifu.

Basi akabuni. Biblia yake ilikuwa na jalada lile la ngozi lenye zipu, ambalo sisi Walutheri tunaliheshimu kuliko yaliyomo. Akaitoa Biblia, akaiweka salama kabatini, akamwingiza Zaituni. Alasiri ile akakaa barazani, akafungua zipu.

Weee! Martin alitoka na mdomo wazi, akaona jalada, akaufunga. Akaenda kukata majani ya ng'ombe mwenyewe. Kaka yangu! Majirani wakawa wanapita kwa kunyata. Na wifi alipofika mahali Zaituni anapewa habari za ajali, akalia machozi ya kweli, hata mama mmoja aliyekuwa akipita na kuni kichwani akautua mzigo, akalia naye.

Kumbe sifa nazo zinachosha. Zikaenea habari kwamba Yudith ameguswa na Roho. Wakaja kuombewa: mwenye kichwa, mwenye mume mlevi, mwenye ng'ombe asiyeshika mimba. Usharika ukamchagua kiongozi wa maombi wa akina mama. Leo maombi, kesho kikao cha maombi, keshokutwa kikao cha kupanga kikao. Zikabaki kurasa chache tu, Zaituni amesimama stesheni, treni inaingia, na wifi hana nafasi ya kujua kama yule mwanamume atashuka. Akakonda. Watu wakasema anafunga.

Kisha ibada ya nyumba kwa nyumba ikafika kwake. Mzee Kristofa, mzee wetu wa kanisa, alikuwa amesahau Biblia yake. "Mama, nipe hiyo yako tusome neno," akasema. Wifi hakuwa na la kufanya, akampa. Mzee akafungua zipu, akatazama, akatazama tena. Nikajua leo ni leo. Lakini akafunga zipu taratibu, akatusomea zaburi kwa kichwa, na ibada ilipokwisha akaondoka na Zaituni kwapani.

"Nakwenda kuliombea hili," akamnong'oneza wifi mlangoni.

Wiki ile Mzee hakuonekana shambani wala vikaoni. Mkewe alituambia, kwa unyenyekevu mwingi, kwamba mzee yuko na neno, asisumbuliwe. Wifi alipasuka kwa hasira. "Ananisomea kitabu changu!" akaniambia. "Aibu nitaivumilia, wifi. Kinachoniua ni ile treni."

Jumapili Mzee akasimama kuhubiri juu ya vitabu vya kidunia. Ili tuuelewe ubaya wake, akatusimulia kimoja. Loo, alivyosimulia! Nesi, ajali, barua zisizojibiwa. Hata wanaosinzia tangu ubatizo wao walikuwa macho. Akafika stesheni, treni inaingia, kisha akavua miwani, akaifuta.

"Mwisho wake haufai kutajwa hapa," akasema. "Tuombe."

Tukainamisha vichwa. Wifi yangu akasimama.

"Shikamoo, mzee," akasema, na kanisa zima likageuka. "Kitabu hicho ni changu. Nilikitia mwenyewe kwenye jalada la Biblia. Nitatubu yote. Ila niambie kwanza: alishuka au hakushuka?"

Nilitamani ardhi inimeze. Bibi mmoja wa benchi la nyuma akadakia, "Mjibu mwenzio, baba, hata sisi twangoja!"

Mzee Kristofa akairudisha miwani usoni. "Alishuka," akasema. "Kwa magongo, lakini alishuka." Sauti ikamkatika palepale mimbarini. Wanawake wote wakashusha pumzi, na wanaume wakajifanya wanakohoa.

Baraza la wazee lilimtenga wifi hata hivyo. Asiongoze maombi, asiitwe vikaoni, watu wasimwendee kuombewa, akae nyumbani ajitafakari.

Nilikwenda kumpa pole, na ndizi kidogo mkononi. Nikamkuta barazani juani, amenyoosha miguu, kitabu kingine mapajani kutoka robota jipya la Mwanahamisi, bila jalada wala zipu. Martin alikuwa amenuna, hasemi naye, kwa hiyo hata kumtuma hamtumi.

"Pole, wifi," nikamwambia. "Lakini usivunjike moyo. Mzee Kristofa anakutetea sana, anataka urudishwe kundini kabla ya sikukuu ya mavuno."

Wifi akafunga kitabu, kidole ndani. Sijapata kumwona na hofu namna ile, hata siku ya zipu.

"Wifi, nakusihi kwa jina la Mungu," akasema, "mwambie asiharakishe. Ndiyo kwanza nimefika sura ya tatu."